Simu Iliyoitafuta Televisheni Iliyokuwa Mbele Yake

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mjukuu wako Zuhura sasa hivi kachukua futi yangu ya kupimia nguo, kamlaza paka wa bweni chali, anampima kiuno. Paka katulia kabisa, kama anayeshonewa gauni la sikukuu. Nimeona nikuandikie nikiwa bado nacheka.

Goti linaendeleaje? Na tembo, wameacha kuingia kwenye mahindi, au bado mnalala dunguni na kupiga madebe? Huku Kibiti miili yetu ni mizima, ila moyo wangu haujatulia, na sababu unaijua. Ulisema chuo kikiisha nisipate kazi, Zuhura arudi kwako Mloka, mimi nihangaike peke yangu. Kazi yenyewe ipo moja hapa chuoni, ya msaidizi wa mwalimu wa ushonaji. Jana ndipo nilipojaribiwa.

Nilitakiwa nifundishe darasa zima kutia zipu ya kujificha. Walio nyuma hawaoni sindano, basi nilikuwa nimejirekodi mikono kwenye simu, niirushe ile picha kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Nabonyeza, simu inatafuta weee, inasema hakuna televisheni. Na iko mbele yangu, mama! Nikaizima simu, nikaiwasha. Televisheni nayo wakaizima, wakaiwasha. Nikasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Mwanahawa, jirani yangu wa cherehani, akapaza sauti: "Ipigie hodi, shoga, labda haipendi wageni!" Darasa zima likaangua kicheko. Mkuu wa chuo alikuwa amekaa nyuma. Hakucheka.

Akaitwa kaka anayetunza mitandao ya chuo. Akaitazama simu yangu.

"Dada, wewe uko mtandao wa wanafunzi. Televisheni iko mtandao wa walimu. Chuo kimoja, lakini kati ya mitandao hii kuna ukuta. Simu inaita, sauti haivuki. Kwani hukupewa neno la siri la walimu?"

Nilipewa, mama. Mwalimu Rehema, huyo wa ushonaji, aliniandikia mwenyewe asubuhi. Nilipoona jina "Walimu" nikasema, mimi nani hata nipite mlango wa wakubwa? Nikabaki kwa wenzangu, ndivyo ulivyonilea.

Mwalimu akasema taratibu, "Mama Zuhura, si nilikukaribisha?"

Nikaandika lile neno la siri, nikaingia. Jina la televisheni likatokea palepale, mikono yangu ikajaa ukutani, mikubwa, hata lile kovu la mundu likaonekana. Nikafundisha mpaka kengele.

Tangu jana nawaza. Adabu uliyonifunza siijutii. Lakini mtu akishakuambia karibu, nawe ukabaki umesimama nje, mwenyeji akueleweje? Na Zuhura ananitazama ninavyosimama milangoni. Ndiyo maana nakuomba, mama, kwa heshima zote: hata nikiikosa kazi hii, niachie mtoto. Nitashona kwenye baraza za watu, atakuwa pembeni yangu.

Nisalimie baba, mwambie shati lake limebaki kutiwa mikono tu. Shangazi anayekukandia goti, msalimie sana. Na mdogo wangu Shabani anayekusomea hapa, asiruke maneno.

Mwanahawa huyu mlangoni, anahema: "Mama Zuhura, mkuu anakuita! Kasema uje na mtoto!"

Mama, na mtoto kwa nini? Ngoja nimvalishe viatu, huenda ni habari ya kazi; wakisema karibu, safari hii hatusimami nje.