Miaka Kumi na Tisa ya Kutafuta Siku Yenye Heri

Mpendwa Bi Concepta wa safu ya ushauri,

Naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika kabisa, maana mimi ni mkulima wa hapa Sligo, nina miaka hamsini na moja, na nimekuwa na uchumba na Attracta Kivlehan, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kwa miaka kumi na tisa, na si kwamba simpendi, nampenda sana, ila babu aliniachia hekima ya wazee nami siipuuzi, kwamba mtu mwenye akili haoi mwezi Mei, msimu wa mavuno vilevile, Kwaresima ndiyo kabisa, Jumamosi haina heri, na mama alipokuwa hai sikuweza kumletea mwanamke wa pili jikoni, na tangu tumzike, miaka minne sasa, kila tukipanga tarehe kunguru anatua ukutani peke yake, bila mwenzake, ishara ya nuksi, nami naahirisha. Jumapili tulikuwa tunakunywa chai baada ya misa, akaniuliza, "Colman, unanioa au hunioi?" Nikamjibu kwa msemo wa babu kuhusu watu wenye haraka. Akaweka kikombe chini, akavaa koti, akasema, "Hiyo kamwambie babu yako kaburini." Alhamisi ya wiki ijayo anaondoka na basi la asubuhi, anahamia kwa dada yake Leeds, ng'ambo ya bahari. Nifanyeje?

Mwenye huzuni,
Colman Durkan

Colman,

Huzuni nimeiona, akili bado naitafuta. Umeandika barua, ukabandika stempu, ukaenda posta ukipita mbele ya mlango wake, ili mimi nisiyekujua nikuambie la kufanya.

Kwa mama yako nakupa pole, na pole zangu zinaishia hapo.

Babu usimsingizie. Babu yako alioa, la sivyo usingekuwepo kunisumbua. Wazee walisema misemo yao jioni za mvua, asubuhi wakaamka wakafanya kazi. Wewe umebaki na maneno tu, umejifunika nayo miaka kumi na tisa huku mwanamke wa watu anakupikia chai. Niambie, ng'ombe wako akikwama kuzaa Jumamosi ya Mei, unamwita daktari wa mifugo au unamtazama kunguru? Basi Attracta umemthamini chini ya ng'ombe, na yeye analijua hilo.

Gazeti hili hutoka Jumatano, kwa hiyo ukisoma jibu hili, basi la Attracta ni kesho. Vua buti za zizini. Vuka barabara ubishe mlango wa mbele, ule wa padri na wageni, si wa jikoni uliouzoea. Mwambie unataka kumwoa, utaje Jumamosi ya mwezi Mei, na umpigie padri simu pale pale yeye akisikia. Msemo ukikupanda kooni, umeze.

Anaweza kukukataa, na hatakuwa na kosa. Akikukataa, kesho asubuhi mbebee sanduku hadi kituoni, na ukae kimya.