Kokoto za Nyuma ya Ukuta

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Natumaini wewe na watoto hamjambo hapo kwa shangazi, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Mimi mzima wa kutembea tu; mgongo ulishaniaga.

Ile bustani ya yule mama wa kilimani bado inatula. Uliiona kwa mbali ukasema inapendeza. Ungeibeba ungesema mengine. Kila jiwe lilipanda mlima kwa toroli lenye gurudumu bovu, na toroli likigoma, kwa bega. Mwenyewe hukaa kivulini na chai yake, anaamuru mche usogezwe hatua mbili kushoto, kesho yake urudishwe.

Umeniandikia kwamba humrudii mume wako, kwa sababu ni mzembe: ukuta alioujenga mwenyewe umemvunja mguu na kumkosesha kazi, na ukimuuliza anakaa kimya kama hayamhusu. Shemeji anashinda kitandani. Nampelekea uji, naye ananiuliza kama nimemwagilia miche.

Sasa nisikilize, dada. Ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko si kupanga mawe tu. Nyuma yake hujazwa kokoto, maji ya mvua yapate pa kupita. Ukijaza udongo, huo udongo unakunywa maji, unavimba, unausukuma ukuta mpaka uanguke. Hata kibarua wa siku ya kwanza anaambiwa hivyo. Shemeji alikuwa mbele anapanga mawe. Wa kujaza nyuma nilikuwa mimi. Kokoto zilimwagwa chini kabisa, getini, na siku ile nilikuwa nimechoka kuliko punda. Udongo ulikuwa hapo hapo miguuni. Nikajaza udongo, juu nikatandaza kokoto kidogo za kuonekana.

Mvua ya tatu ilimkuta shemeji ameinama chini ya ukuta anapanda miche. Tulipomfukua aliliona tope lililotoka nyuma ya mawe, akanitazama. Yule mama alipouliza ni kazi ya nani, shemeji akasema ni yake. Alifukuzwa kabla hata hajabebwa kwenda hospitali, na usimamizi nikapewa mimi. Nikaupokea, dada. Nikasema asante.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia ukweli. Akanikataza. Alisema mke aliyekasirika huenda akarudi, lakini ukinichukia mimi hutabaki na mtu wa tumbo moja. Nilitoka pale nikiwa na hasira naye kwa wema wake, na mimi mwenyewe najichukia.

Msalimie sana shangazi. Ukija, usinipitie mimi, nenda kwa mume wako moja kwa moja, hata kunyanyuka kitandani hawezi bila mtu. Na watoto, kabla hamjafunga safari, waambie baba yao si mzembe. Mzembe ni mjomba wao.

Ni mimi,
Mdogo wako