Mkoba Wenye Jina la Wengine

Leicester, 4 Februari 1996

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi ya Uingereza. Mimi ni mzima, kifua kimeacha kubana. Mama anaendeleaje na mguu?

Humu ndani nimekuwekea karatasi niliyoikata gazetini. Ni orodha ya majina ya biashara yenye thamani kubwa kuliko yote duniani. Si kiwanda wala mashine wanayopima, ni jina lenyewe. Mwalimu alitutaka kila mmoja alete darasani kitu chenye jina mojawapo. Nilipeleka ule mkoba ulioninunulia nikisafiri. Nilisimama mbele nikawaeleza jinsi baba yangu, fundi wa ngozi, alivyojinyima ili binti yake abebe kitu cha maana. Walipiga makofi.

Binti yako,
Nafula

Ziwani, Nairobi, 27 Februari 1996

Nafula mama,

Sisi hatujambo. Mama yako sasa anatembea bila fimbo.

Orodha nimeisoma na Okoth, tunayeshona naye kibanda kimoja. Soda tunaijua, sigara pia. Okoth akauliza, mtu akinunua jina peke yake, analibeba na nini? Nilipofikia jina la mkoba wako niliikunja karatasi.

Ule mkoba sikuununua. Niliushona mwenyewe. Yule mama anayetuletea oda, anayeitwa Wangu, alikuja na muhuri wa chuma wenye jina hilo, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiupasha moto na kuugonga kwenye ngozi. Bila jina hilo wateja wake hawachukui. Mkoba wako nao niliugonga jina hilo, nilitaka ufanane na ya wenzako. Uliponishukuru nilinyamaza. Hilo ni kosa langu.

Niandikie.

Baba yako,
Luseno

Ziwani, 9 Juni 1996

Nafula mama,

U mzima huko? Tangu ile ya Februari sijapata barua yako. Mama yako anauliza kila Jumapili, namwambia ni posta.

Yule Wangu wa oda nimemrudishia muhuri wake. Hakuteta. Oda alizipeleka kibanda cha tatu kutoka chetu, na nikikaa hapa nausikia muhuri ukigongwa. Okoth amehamia huko. Ana watoto, simlaumu. Mimi nauza mikoba isiyo na jina. Juzi mteja mmoja, Sahro wa Eastleigh, alichukua minne. Aliuliza ni ya nani, nikamwambia, "Ni yangu." Akataka nipunguze bei.

Hata kama umekasirika, andika mstari mmoja.

Baba yako,
Luseno

Leicester, 1 Julai 1996

Mpendwa Baba,

Natumaini nyote ni wazima, kama nilivyo mimi.

Barua zako zote mbili zilinifikia. Nilianza kujibu mara tatu, nikachana. Hasira haikuwa ya muhuri. Nilisimama mbele ya watu nikakusifu kwa kununua, kumbe nilikuwa nimebeba kazi ya mikono yako na hukuniambia.

Mwalimu nilimwendea ofisini nikamweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliniuliza baba yangu anashonaje, anaanzia wapi. Kumbe sijawahi kukuona ukishona. Tangu tukiwa wadogo ulitukataza kukanyaga kibandani kwako soko la Kariokor, ukisema tutanuka ngozi na wenzetu shuleni watatucheka.

Nafika Jumamosi, tarehe kumi Agosti. Mwambie Mama asinialikie wageni Jumatatu. Siku hiyo nitashinda kibandani na wewe, unionyeshe unavyoanza.

Ni mimi binti yako,
Nafula