Heriel Anataka Kuniibia Kifurushi Changu

Bi Khairiya, assalaamu alaykum, naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni mwalimu wa kompyuta huku Mtambile, Pemba, mashine zetu za skuli zinatumia Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, na mwaka huu nimeanza kujifunza kufungasha programu ili ziingie kwenye hazina yake ya mtandaoni ambamo kila mtu hupakua, na kazi yangu ya mwanzo ni maktaba ya kusahihisha tahajia za Kiswahili, yaani kipande kimoja ambacho programu nyingi hukitegemea, na kwa kuwa mgeni haruhusiwi kupakia mwenyewe nikapewa msimamizi, Heriel, kijana wa bara anayefanya kazi Chake Chake. Huyo ndiye maradhi yangu. Kila nikimpelekea kifurushi hukirudisha, mara nikigawe viwili, cha watumiaji mbali na cha watengenezaji, mara ananishikilia namba ya maktaba, ati ibadilike kila maktaba ikibadilika, na kilipopita nikaona jina lake chini ya langu, la nini? Nilipomuuliza akacheka, "Mwalimu, ndiyo utaratibu, anayepakia huandikwa." Sikumuamini. Kaka yangu Mjaka akanambia, "Weye bwege nini? Kijicho hicho, ataka kukudhulumu!" Alhamisi Heriel alikuja skuli, akakaa kwenye mashine mbili tatu, na kesho yake programu ya kuandikia haikufunguka hata mashine moja, na mimi jioni ile nilikuwa nimeziwekea zote toleo jipya la maktaba yangu, zuri zaidi, namna programu nyingine zinavyoiita nimeibadilisha kidogo, ila namba nimeiacha ile ile maana sitaki Heriel anipangie, kwa hiyo si mimi. Nikamwambia mwalimu mkuu mbele ya walimu wote kwamba Heriel ametuharibia mashine, na sasa amekatazwa kuingia skuli. Je, niwaandikie wakubwa wa hazina ile wamfukuze? Jina langu usilitaje.

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kalamu iweke chini kwanza. Jina lako umetaka nilifiche, la mwenzako umeniandikia mpaka la baba yake. Hilo la Heriel nimembandika mimi, la kweli nimelificha. Pole, najua kurudishiwa kazi kila mara kunachoma. Lakini ushahidi wako nimeutafuta, sikuuona. Mtu wa Mtambile aambiwe atenganishe vitu viwili anuse wizi? Mbona karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mnachambua kila msimu, na hakuna anayelia kuibiwa? Na jina lake chini ya lako ni dhamana: kifurushi kikiharibika, naye ataulizwa.

Sasa turudi pale ulipopapita mbio. Nimewauliza wanaojua. Programu ya kuandikia ilizoea kuiita maktaba yako kwa namna moja. Weye ukaibadilisha namna hiyo, ukaacha namba ya zamani, programu ikadhani ni ile ile, ikaanguka. Ndiyo namba hiyo hiyo aliyokuwa akikushikilia. Yeye alikaa kwenye mashine mbili tatu, zilizokufa ni zote. Nani aliyezigusa zote?

Dhana mbaya tumekatazwa tangu chuoni tulikosoma Kurani, Mwalimu, na weye umeifanya kazi ya kutwa. Basi wakubwa usiwaandikie. Rudisha toleo la zamani leo, wanafunzi waandike, na hilo jipya lipe namba yake. Mjaka mwache na maneno yake. Halafu usimpigie Heriel simu ya radhi kimyakimya, maana najua ndilo litakalokujia. Umemchafua mbele ya walimu wote. Muombee ruhusa aingie skuli, wakusanye walimu wale wale, useme akiwapo ni nani aliyeharibu mashine.