Peusi Kwenye Picha ya Mguu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Mjukuu wako Matonya sasa hivi ameuinamia mguu wake akaupuliza, fuu, fuu, kisha akaniambia nisiogope. Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Mpwapwa mmepata mvua? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila leo jasho limenitoka.

Maneno haya siyawezi kwenye simu. Hapa maabara wanapoufuatilia mguu wake ulioungua uji, kuna kamera ya mwanga. Haigusi kidonda, inamulika tu, na kwenye kioo unaiona damu ya chini ya ngozi: inapopita ni pekundu, isipopita ni peusi. Siku zote wekundu ulikuwa unasogea. Asubuhi hii katikati pametokea peusi tii. Dada Yasinta, mtaalamu wa picha, akakisogelea kioo. Halafu akasema hapo ngozi imekufa, mtoto apelekwe leo leo akatwe ngozi ya paja wambandikie.

Ndipo Matonya akapuliza. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akasema ni Bibi, alipompaka dawa nyeusi, ule unga wako wa mkaa, siku ile ulipokuja kumwona nami nikatoka kufua, na kwamba ni siri yenu wawili.

Mama, kwanza nilitaka kuitunza siri yenu. Walishatuonya kwamba ndugu atakayepaka kitu hatamsogelea tena mtoto. Nami najua unavyolia tangu sufuria ile imwagike jikoni kwako. Lakini nikinyamaza, mwanangu anakatwa bure. Basi nikasema kidonda kimepakwa unga wa mkaa, na aliyepaka ni mimi. Mama mzazi wakimfukuza, mtoto watamwachia nani?

Yasinta amenifokea, eti mkaa unaumeza mwanga wote, kamera ingeona nini. Ningekuwa mdogo wake angenichapa. Wamemwosha, amelia mpaka sauti imekauka, wamepiga picha nyingine, na sisi tunasubiri kwenye benchi. Ikitoka nyeusi tena, anakwenda kukatwa.

Baba Matonya sijamwambia. Unazijua hasira za mwanao. Nawe usijifiche. Jumapili njoo umwone mjukuu wako, ila safari hii mgeni aje mikono mitupu. Msalimie Baba, na mawifi wote, uwaambie

Mlango umefunguliwa. Dada Yasinta ananiita, Mama, ananiita kwa sauti, anasema nije mwenyewe nione, pale palipokuwa peusi sasa pana wekundu