Mazishi Yaliyongoja Meli

Melini, 19 Januari 2019

Kwako dada Verlina,

Mimi mzima kama chuma. Hali yako sijui niiulizeje wakati najua ilivyo. Watoto hawajambo? Shemeji bado ananenepa?

Ujumbe wako kwamba Mama amekata roho ulinikuta nakunja shuka. Nilimaliza kukunja, shuka mia mbili na ushee, hakuna hata moja iliyopinda. Kisha nikala kuku, mapaja mawili. Kulia bado. Labda nikishuka.

Msimzike. Mwekeni kwenye barafu kama alivyowekwa Babu kumngoja yule mwanawe wa Kanada. Meli yetu ya watalii inafunga gati hapo nyumbani Roseau Jumatano tarehe 6 Februari, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Jeneza nitabeba mimi, mbele, upande wa kulia. Kwa mabega haya mtampata nani mwingine? Mjomba Hubert mgongo wenyewe umepinda kama ndoano. Ruhusa usiwe na shaka nayo. Bosi ananisikiliza mimi kuliko mkewe.

Mdogo wako,
Ansel

Roseau, 23 Januari

Ansel,

Sisi tunapumua. Watoto hawajambo, shemeji yako haachi kunenepa, na wewe huachi kuropoka.

Mama yuko chumba cha maiti. Padri alitaka Jumamosi, nimembembeleza mpaka kakubali Jumatano yako. Misa saa nane. Saa kumi kasoro robo tunatoka kanisani kwa miguu, bendi mbele, tunapita njia ya ufukweni mbele ya meli yako, hadi makaburini. Redio imeshatangaza na jina lako limesomwa: "mwanawe Ansel, wa melini." Mjomba Hubert akasema, "Yule? Yule hata kubatizwa alichelewa." Nikamjibu safari hii tunazika kwa ratiba ya meli, atachelewaje?

Nijibu kitu kimoja tu, bila mbwembwe. Umeomba ruhusa?

Dadako,
Verlina

Roseau, 7 Februari

Ansel,

Salamu sina. Nafasi yako kwenye jeneza aliishika shemeji yako, anahema njia nzima. Tulipopita gatini nilikuona. Umevaa nyeupe, umesimama na mama mmoja wa kizungu, mnapigwa picha. Ulikuwa unacheka.

Nieleze.

Verlina

Melini, 11 Februari

Dada yangu,

Natumaini umepata usingizi. Mimi nalala fofofo, na hilo ndilo linalonitisha.

Ruhusa sikuomba. Kila siku nilimpita bosi ukumbini, nikamwambia habari za asubuhi, nikaendelea na safari. Si kwamba alinikatalia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote huku kwamba Mama amekufa, na kila siku niliyokaa bila kusema ilikuwa siku nyepesi. Jumatano nikapangwa chini ya ngazi ya meli, kuwapa abiria wanaorudi taulo za baridi na maji ya ndimu. Nikasema sawa.

Bendi niliisikia kabla sijawaona ninyi. Yule mama wa kizungu akaniuliza, "Kijana, hii ndiyo kanivali yenu?" Si unajua ni msimu wake, ngoma na matarumbeta mji mzima. Nikasema, "Ndiyo mama, ndiyo yenyewe."

"Mbona wamevaa nyeusi?"

"Kila kikundi na rangi yake, mama."

Unaona nilivyo mwepesi wa kujibu. Akataka picha, mumewe akapiga. Jeneza likapita nyuma yangu. Sikugeuka. Nilichowaza ni kwamba taulo zinapata joto.

Sijui nina nini. Nitukane basi, angalau nisikie kitu.

Mdogo wako,
Ansel

Makaburini, Roseau, 20 Februari

Dada Verlina,

Za kimya? Simu inaonyesha uliisoma barua yangu.

Leo tumefunga gati tena. Jana nilimwambia bosi, "Mama yangu amekufa." Akauliza lini, nikamtajia. Akanipa siku nzima. Kumbe ilikuwa inachukua dakika moja.

Nilipita kwako kwanza. Jirani akaniambia, "Ametoka sasa hivi. Ameiona meli inaingia, akafunga mlango." Basi nikaja huku. Kuna makaburi mapya matatu, yote udongo mbichi, yote maua yamenyauka, hakuna lenye msalaba. Wachimbaji wamekaa kivulini wanakula mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi. Mmoja akaniita, "Wee baharia, umepotea?" Nikamwambia natalii tu. Nilishindwa kumuuliza mama yangu yuko kaburi lipi.

Nimesimama katikati tangu asubuhi, nisije nikampa mgongo. Niambie tu, kuanzia ukutani: la kwanza, la pili, au la tatu. Sihitaji neno jingine. Meli inaondoka saa kumi na moja na sasa ni saa tisa.

Saa kumi. Nipo.

Saa kumi na nusu. Wachimbaji wameondoka. Bado nipo, dada.

Mdogo wako,
Ansel