Neno Kwenye Kadi ya Mjomba

Jumatatu, 4 Desemba 2006
Kabuchai. Nimekamua ng'ombe, nimeosha vyombo, nimechota maji. Mama alinituma kutoka Kitale nimsaidie Anti Nekesa, mke wa mjomba. Mjomba ana homa. Hataki kunywa kitu. Kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, hapa wananiita Mwalimu. Sipendi.

Jumanne, 5 Desemba
Wamerudi kutoka zahanati. Wameambiwa waende hospitali Bungoma. Kwenye kadi kuna neno haidrofobia. Anti na majirani waliniuliza maana. Niliona haya, lakini nililijua. Kemia. Vitu haidrofobiki havishikani na maji: nta, mafuta, jani la nduma. Nikasema mwili wa mjomba umejaa mafuta, unasukuma maji. Anti akamcheka mjomba. "Si nilikwambia, bana? Hayo matumbo yako ya kukaanga."
Bungoma imeahirishwa. Atakula mboga za kuchemsha.
Nilijivuna kidogo.

Jumatano, 6 Desemba
Nilimpelekea maji. Koo lake lilikaza kabla kikombe hakijamfikia. Akageukia ukuta akitetemeka. Akasema niondoe.
Mafuta hayaogopi maji. Yeye anaogopa.
Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 7 Desemba
Asubuhi nilimwambia Anti kwamba sina hakika na lile neno. Tukampeleka Bungoma. Muuguzi aliuliza kama mjomba aliwahi kuumwa na mbwa. Ndiyo, Oktoba, mbwa koko. Akanieleza bila ukali. Kwa kitu, neno hilo ni kutoshikana na maji. Kwa mtu, ni kuogopa maji, na ni dalili ya kichaa cha mbwa. Dalili ikishatokea, hakuna dawa. Hata Jumanne tungekuwa tumechelewa.
Kisha akauliza, "Nani mwingine aliumwa?"
Anti akapandisha mkono wa sweta. Kovu dogo. Ndiye aliyemfukuza yule mbwa. Alidungwa sindano ya kwanza papo hapo.
Siku mbili. Nilimpotezea Anti siku mbili.

Jumapili, 10 Desemba
Mjomba amefariki. Wanasema ni mpango wa Mungu. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa mmoja anilaumu.

Alhamisi, 21 Desemba
Sindano ya nne. Imebaki moja. Muuguzi anasema Anti yuko sawa, lakini ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini kwa miezi. Tungoje.
Jioni Anti alipika chai. Nilikaa nikitazama koo lake. Akaniona.
"Kunywa yako, inapoa."
Akainua kikombe. Kila alipomeza, nami nilimeza.